Bonge la Nne

Jumanne ambayo Melquiades Pumayalli hakurudi, watalii wake watano walimsubiri kwenye chemchemi ya mawe wakila machungwa. Maji ya chemchemi yalikuwa yamekatika ghafla, naye aliwaambia anapanda juu mara moja kuona nani kayafunga. Walisubiri saa moja na nusu. Maji yalirudi, mzee hakurudi. Mwishowe walishuka wenyewe hadi kwenye gari, na mmoja wao, mwalimu mstaafu kutoka Arequipa, aliacha machungwa mawili juu ya jiwe, kwa kuwa mzee angeweza kufika na kiu.

Saa kumi alasiri mlinzi wa mambo ya kale, Edgardo Villafuerte, alipiga simu kituo cha polisi cha bondeni kusema kwamba illa haipo ghalani. Illa ni lama mdogo wa jiwe jeusi, anayeenea kiganjani, aliyechongwa na wahenga ili mifugo izae. Watu wa Wayrapunku waliifukua wenyewe mwezi wa tatu walipokuwa wakisafisha mfereji, wakapatana na ofisi ya mkoa kwamba ikae palepale kijijini, kwenye ghala la kale la mawe, wageni waione mwisho wa ziara. Mlango wa ghala ulikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao Villafuerte, wa pili Melquiades.

Ijumaa vijana wa kijiji walishuka korongoni kwa kamba wakampata chini ya mwamba. Daktari alisema alikufa Jumanne ileile. Illa ilikuwa kifuani pake, imefungwa ndani ya kitambaa chake cha kufumwa, na fundo bado limekaza.

"Mwizi kaanguka na alichoiba," alisema Kapteni Olazábal. "Unataka nini zaidi ya hapo?"

Mkaguzi Leocadia Sutta alikuwa amesimama mbele ya meza ya kapteni na koti mkononi. Alikuwa na miaka ishirini kazini, kumi na tano kati ya hiyo katika bonde lile.

"Nataka kujua kwa nini mwizi aliyejipangia siku yake aliwaaga watalii kwamba anakwenda kufungua maji."

"Kuwapoteza maboya."

"Na maji yakarudi kweli?"

Kapteni alifunga jalada. "Sikiliza, Sutta. Ofisi ya mkoa inataka ripoti kesho saa nane mchana. Ikiandikwa wizi, leseni ya Wayrapunku ya kuongoza wageni inafutwa, na lile jiwe linakwenda Cusco. Si mimi niliyeamua. Wewe andika ulichokiona."

"Bado sijaona kitu, Kapteni. Nimesoma tu."

"Basi nenda ukaone. Saa nane."

*

Jumamosi saa tatu kasoro dakika tano, Leocadia alifika chini ya matuta. Asunta Pumayalli, binti wa marehemu, alikuwa akimngoja. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amevaa sketi nyeusi ya msiba na viatu vya kupandia mlima.

"Nipe ziara," Leocadia alisema. "Ile fupi, ya baba yako. Usiruke neno."

Asunta alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Baba yupo mezani nyumbani, kazungukwa na mishumaa minne. Wewe umekuja kutalii?"

"Nimekuja kutafuta saa zake. Alikuwa anafika wapi, saa ngapi, akisema nini."

"Wanasema tumzike pembeni, si karibu na babu. Mpaka ripoti itoke. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Ndiyo maana nakuomba usiruke neno."

Asunta alipenga kamasi, akaiweka leso kiunoni, akageuka kuutazama mlima. Aligeuka tena akiwa na sauti nyingine kabisa.

"Karibuni Wayrapunku! Mmepumua? Pumueni tena. Hewa ya huku hatuuzi, lakini tunaipima kidogo kidogo."

Leocadia aliandika: saa tatu kamili.

Matuta yalikuwa kumi na manne, yamepanda upande wa mlima kama ngazi ya mtu mkubwa. Asunta aliongoza bila kuangalia chini. Alieleza jinsi walivyoweka mawe makubwa chini, juu yake kokoto, juu yake mchanga, halafu udongo uliobebwa mgongoni kutoka bondeni, ili mvua ishuke polepole isibomoe kitu. Kila tuta lilikuwa na baridi yake na joto lake. Juu kabisa viazi, katikati maharage, chini mahindi.

"Ile barabara ya lami mliyojia ilimalizika mwaka juzi," Asunta alisema kwa sauti ya baba yake, "na imeshachukuliwa na mvua mara mbili. Hii imenyeshewa zaidi ya miaka mia tano. Mhandisi wake hajaitwa tena. Sasa toeni kadi zenu za benki."

"Kadi za benki?"

"Jaribu kuiingiza kati ya mawe mawili yoyote, mkaguzi. Popote."

Leocadia alitoa kitambulisho chake cha polisi, akakijaribu kwenye maungio matatu. Hakikuingia hata ncha.

"Hapo baba husema, 'Hii ndiyo benki ambayo kadi yako haina kazi.' Wageni wanacheka. Akishaona wamecheka anawaambia, 'Waliojenga ni babu zangu. Si watu wa sayari nyingine, si majitu. Watu wafupi kama mimi, wenye njaa kama nyinyi.'" Asunta alipapasa jiwe. "Hili hakuliruka hata siku moja. Hata akiwa na homa."

Walifika chemchemini saa nne kasoro dakika kumi.

Chemchemi ilikuwa chumba cha mawe kisicho na paa. Maji yaliingia kwa mfereji mwembamba uliochongwa kwenye mwamba, yakaruka kutoka kwenye mdomo wa jiwe na kuanguka mbele, kama yanayomiminwa kutoka kwenye birika. Asunta alikunja mkono wa sweta, akapitisha kidole chini ya ule mdomo. Maji yaliacha kuruka. Yaliukumbatia mwamba na kuteremka kimya, ukuta mzima uking'aa, hakuna hata tone lililodondoka mbele. Alipopitisha kidole tena, yaliruka upya.

"Mdomo umechongwa hivyo makusudi," alisema. "Wageni hupiga makofi hapa."

"Jumanne walipiga makofi maji yalipokatika?"

"Nasikia walipiga. Walidhani ndiyo mchezo wenyewe."

Leocadia alifungua simu yake. Mwalimu wa Arequipa, Bernarda Linares, alikuwa amemtumia picha zake zote, thelathini na moja, kila moja na saa yake. Katika ya kumi na tisa Melquiades alikuwa amesimama pale aliposimama binti yake, kiganja chini ya mdomo wa jiwe, akitazama juu, na chini ya mdomo hapakuwa na maji, si ya kuruka wala ya kuteremka. Saa nne na dakika tano. Katika ya ishirini alionekana mgongo tu, akianza kupanda. Saa nne na dakika sita. Halafu zilikuja picha za machungwa. Halafu video ya wageni wakishangilia maji yaliyorudi: saa tano kasoro dakika tatu.

"Kutoka hapa hadi ghalani ni muda gani?"

"Dakika ishirini, njia ya kulia, unavuka mgongo wa mlima. Ndiko ziara inakoishia."

"Na hadi kwenye banio, mfereji unakoanzia?"

"Njia ya kushoto. Sijawahi kupima. Ni kupanda tu."

"Baba yako alikuwa anatembea vipi?"

"Kama mimi. Magoti yake yalikuwa bora kuliko ya kaka zangu, na aliwaambia hivyo kila Krismasi."

"Basi tembea kama wewe. Mimi nitakufuata."

Leocadia alibonyeza saa yake. Alizaliwa ng'ambo ya bonde, kwenye kijiji cha Pukaqaqa, lakini miaka ya kukaa ofisini ilikuwa imemlegeza, na mara mbili Asunta ilibidi apunguze mwendo. Walipofika banioni ilikuwa dakika ya ishirini na nane. Aliandika ishirini na sita, akaandika pembeni yake sababu.

*

Banio lilikuwa mahali ambapo kijito kiligawanywa kwa ukuta wa mawe, sehemu moja iendelee na safari yake na sehemu nyingine iingie mferejini. Mzee mmoja alikuwa amekaa ukingoni na jembe magotini, shavu moja limejaa majani ya koka. Alikuwa Nicanor Ttito. Jina lake lilikuwa ukurasa wa pili wa jalada, limepigiwa mstari na kapteni mwenyewe: *aligombana na marehemu kuhusu maji*.

"Polisi siku hizi wanapanda milima?" Nicanor alisema.

"Mimi ni wa Pukaqaqa, mzee. Nilipanda kabla sijatembea."

"Pukaqaqa! Watu wanaoiba hata maji ya ubatizo."

"Tulikuwa tunayarudisha." Leocadia alikaa kwenye jiwe mkabala naye. "Leo ni zamu yako?"

"Jumamosi ni yangu, yakishapita chemchemini yanashuka shambani kwangu. Jumanne na Alhamisi yanaishia chemchemini tu, ili kasuku yule awaoneshe wageni wake." Alimtazama Asunta. "Samahani, mwanangu. Nilimwita hivyo mbele yake pia."

"Najua, mzee. Yeye alikuita chura."

"Chura, ndiyo. Kila siku."

"Mligombana miaka mingapi?" aliuliza Leocadia.

"Ishirini na miwili. Tungeacha, tungeongea nini?"

"Jumanne saa nne kasoro robo, kabla maji hayajakauka kule chini, ulikuwa wapi?"

"Shambani kwangu, napanda mahindi. Tulikuwa watu kumi na wanane, ilikuwa siku yao ya kunisaidia. Mmoja wao mchungaji wa Kiinjili, hanywi, kwa hiyo huyo atakumbuka vizuri. Kamuulize."

"Nitamuuliza. Ungeweza kupanda huku mara moja, ukafunga, ukarudi."

Mzee aliinuka. Alikuwa mfupi, na hasira ilimrefusha kidogo. "Njoo hapa, binti. Njoo uone kama hii ni kazi ya mtu wa Wayrapunku."

Aliwaongoza hatua sita chini ya banio. Ukingo wa mfereji ulikuwa umeota nyasi fupi, nzito kama zulia. Katika zulia lile palikuwa na alama nne za mraba, zimekatwa kwa mistari iliyonyooka.

"Ukitaka kufunga maji unahitaji mabonge ya udongo wenye nyasi. Sawa? Unakwenda kule malishoni, hatua arobaini, unakata kwa jembe, unarudi nayo. Ukingo haukatwi. Mizizi hii ndiyo inayoshika ukuta. Ukikata hapa, mvua ya kwanza inaingia, ya pili inabomoa, na kijiji kizima kinakesha kwenye matope. Mtoto wa miaka mitano anajua. Mlevi anajua. Ningekata hapa mimi, mama yangu angefufuka anichape, halafu angemwita mama yake amsaidie."

Leocadia alipiga magoti. Jembe hukata kwa mshazari na kuacha alama iliyopinda. Hizi zilikuwa wima, kama mkate uliokatwa dukani. Alipima kila upande kwa utepe. Miraba yote minne ilikuwa na upana uleule.

"Mnatumia sepetu huku?"

"Ya nini? Kuzikia paka?"

Alisogea karibu zaidi. Mashimo matatu kati ya manne yalikuwa yamezibwa tena. Mtu alikuwa ameyarudisha mabonge mahali pake, kila moja kwenye shimo lake, nyasi juu, akayakanyaga yashike, na nyasi zake zilikuwa bado za kijani. Shimo la nne lilikuwa wazi. Bonge lake lilikuwa juu ya jiwe, mizizi juani, nyasi zimeshageuka njano.

"Tangu Jumanne nani kafika hapa?"

"Nani afike? Watu wote walikuwa kwenye msako mpaka jana," alisema Nicanor. "Mimi mwenyewe nimekuja alfajiri ya leo. Sikugusa. Nilitaka mtu aone."

Kwenye ukingo wa bonge la tatu matope yalikuwa yamekauka na alama ya kiatu ndani yake. Kilikuwa kiatu cha tairi, katambuga, cha mguu wa kushoto. Kisiginoni palikuwa na kiraka, na vichwa vya misumari mitatu, mmoja umelala upande.

Asunta aliinama, akaweka mkono mdomoni, akautoa.

"Ni baba. Alikipigilia mwenyewe mwezi wa saba. Huo msumari uliopinda nilimcheka. Akasema kiatu kipya kitamsubiri akifa."

Katambuga za marehemu zilikuwa kituoni, ndani ya mfuko wenye namba. Leocadia alikuwa amezipiga picha Ijumaa usiku. Alizifungua kwenye simu, akazilinganisha na alama, akapima, akampa Asunta aone na baada yake Nicanor. Misumari mitatu, mmoja umelala upande uleule.

"Kwa nini aliyarudisha?" aliuliza, ingawa alilijua jibu. Alitaka alisikie likisemwa na mtu ambaye jina lake lilikuwa ukurasa wa pili.

"Kwa sababu anayefungua ndiye anayetibu," Nicanor alisema. "Haijalishi nani kaharibu. Hata kasuku alijua hivyo." Alitema majani pembeni. "Alijua vizuri kuliko wote, kama lazima niseme."

"Mtu anayekimbia na kitu cha wizi anatibu ukingo?"

Nicanor alipangusa udongo kwenye jembe lake.

"Na la nne? Kwa nini aliliacha?"

Wote watatu walilitazama lile bonge kavu juu ya jiwe. Leocadia alisimama kando ya alama ya kiatu, akageuza ncha za viatu vyake zielekee ilikoelekea ile alama, akainua macho. Mbele yake, chini kidogo, ilionekana njia ya juu yote, kutoka ghalani, kupita ukingo wa mwamba, hadi kwenye barabara ya malori. Kondoo watatu walikuwa wakipita pale. Aliweza kuwahesabu masikio.

*

"Asunta, shuka chemchemini. Maji yakikauka nipigie simu. Yakirudi nipigie tena. Mzee Nicanor, nakuomba ufunge."

"Zamu yangu. Mahindi yangu. Maji yangu."

"Chini ya saa moja."

"Kwa ajili ya kasuku?"

"Kwa ajili ya kasuku."

Mzee alichukua jembe, akatembea hatua arobaini hadi malishoni, akakata mabonge manne, akarudi nayo mawili mawili, akafunga. Hakuharakisha. Kabla ya kufunga alichagua majani matatu mazima ya koka, akayapuliza kuelekea mlimani, akayaweka chini ya jiwe. Simu ya Asunta ilikuja: yamekauka. Leocadia aliinua kidole, Nicanor akayatoa mabonge, maji yakaingia mferejini kwa kishindo kidogo, na saa ikabonyezwa.

Walikaa. Nicanor alitoa mahindi ya kuchemsha na kipande cha jibini, akakata katikati, akampa nusu. Walikula wakitazama maji yanavyoondoka. Mfereji ulizunguka tumbo la mlima, ukapita juu ya bonde dogo kwa daraja la mawe, ukaingia kwenye mwamba na kutoka upande wa pili.

"Dakika ishirini na tatu," Nicanor alisema.

"Bado hazijafika."

"Zitafika. Ungeniuliza tu. Masika ni ishirini, maana yanakuja mengi. Kiangazi ni ishirini na tatu. Ilikuwa ishirini na tatu kwa babu yangu, aliyekuwa na saa ya mkononi ya kwanza kijijini na hakuwa na kingine cha kupima. Mteremko ni uleule. Waliochimba hawakubahatisha."

Simu ililia. Leocadia alitazama saa yake. Dakika ishirini na tatu na sekunde kumi.

Alirudia tena, kwa sababu mara moja haitoshi kwenye ripoti. Nicanor alilalamika, akafunga, akafungua. Ishirini na tatu na sekunde tano.

Kisha alikunjua daftari gotini, akaandika akisema kwa sauti, ili mzee amkosoe.

Maji yalirudi chemchemini saa tano kasoro dakika tatu. Toa ishirini na tatu. Yalifunguliwa saa nne na dakika thelathini na nne. Melquiades aliondoka chemchemini saa nne na dakika sita, na kupanda ni dakika ishirini na sita. Alifika saa nne na dakika thelathini na mbili. Zilibaki dakika mbili za kuondoa mabonge.

"Zinatosha," Nicanor alisema. "Alikuwa na mikono mizuri."

Na kama angepitia ghalani kwanza? Dakika ishirini hadi ghalani, na kwa hesabu ya Nicanor arobaini kutoka ghalani hadi banioni. Angefika hapa saa tano na dakika sita, na wageni wangeona maji saa tano na nusu.

"Mlinzi aliandika nini?" aliuliza mzee.

Leocadia alikuwa ameshafunga daftari na kuanza kutembea.

*

Villafuerte alikuwa nje ya kibanda chake mkabala na ghala, akimenya viazi. Alikuwa kijana wa mjini, mwenye sweta jipya na tabasamu la haraka. Ilikuwa saa saba na robo.

"Mkaguzi! Umepanda kwa miguu? Karibu, kaa. Pole na kazi. Yule mzee sote tulimpenda."

"Asante. Nimebakisha sahihi tu. Uliandika kwamba Jumanne ulimwona akitoka ghalani."

"Ndiyo. Na kitu mgongoni, kimefungwa kwenye kitambaa."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Una hakika? Isije ikawa saa tano."

"Saa nne na nusu juu ya alama. Redio ilikuwa inaanza taarifa ya habari."

"Na wewe ulikuwa hapahapa."

"Hapahapa. Asubuhi nzima. Sikutoka."

Leocadia aliandika, akampa asome, Villafuerte akasaini. Ndipo Leocadia alipoomba kuona vifaa vya ofisi. Nyuma ya mlango palikuwa na reki, ndoo, mundu na sepetu. Reki ilikuwa na majani ya mwaka jana. Mundu ulikuwa na kutu. Sepetu ilikuwa safi kuliko sufuria ya viazi. Alipima upana wa bapa lake kwa utepe, akaandika namba chini ya namba nyingine nne zilizofanana nayo.

"Unaiosha mara kwa mara?"

"Napenda usafi."

"Ndoo haijui hilo." Aliiegemeza sepetu ukutani. "Saa nne na nusu Melquiades alikuwa amebakiza dakika mbili kufika banioni. Saa nne na dakika thelathini na nne alifungua maji. Hapa hakufika, Edgardo."

Tabasamu lilikaa palepale, macho yaliondoka. "Nani kakwambia alifungua saa hiyo?"

"Mfereji."

"Mfereji." Alicheka. "Mfereji utapanda kizimbani?"

"Utapanda. Pamoja na picha thelathini na moja za mwalimu, na kisigino chenye misumari mitatu. Ulimhitaji yule mwenye ufunguo wa pili awe peke yake nusu saa, bila shahidi. Ulijua maji yakikatika angewaacha wageni na kupanda. Yote hayo uliyajua. Hukujua tu mahali pa kukata nyasi."

"Nyasi?"

"Miaka mitatu umekaa hapa, na hukuwahi kwenda nao kusafisha mfereji hata mara moja."

Kiazi kilidondoka ndani ya sufuria. Villafuerte alikitazama kilipozama.

"Hawakunialika," alisema.

"Hapa hakuna anayealikwa. Mtu anachukua jembe, anakwenda."

Chini kwenye njia alikuwa anakuja Asunta, na nyuma yake Nicanor na jembe begani.

"Kulikuwa na mtu ananisubiri barabarani na gari," Villafuerte alisema hatimaye. "Nilipofika kwenye mwamba nikamkuta mzee kasimama katikati ya njia. Sijui alishukaje upesi vile. Hakupiga kelele. Alinyoosha mikono tu. Akainyakua, akaifunga kifuani, akageuka kuondoka. Mimi nikamshika joho lake la sufu kwa nyuma. Nikamwambia, mzee, ni jiwe tu hilo."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kama ni jiwe tu, niachie.'" Alijifuta mikono kwenye sweta. "Nilivuta kitambaa. Fundo halikufunguka. Akajipindua, na ukingo ni mwembamba pale. Alikataa kuiachia, mkaguzi. Angeiachia angeweza kushika jiwe. Mikono yake yote miwili ilikuwa kifuani."

Asunta alikuwa amefika. Alikuwa amesikia sehemu ya mwisho. Alisimama wima, kidevu juu, jinsi alivyosimama asubuhi chini ya matuta.

"Rudia," alimwambia Villafuerte. "Mzee Nicanor hakusikia."

Naye akarudia. Nicanor alivua kofia akasikiliza hadi mwisho. Hakusema kasuku.

Leocadia alimfunga Villafuerte pingu, akampigia simu Kapteni Olazábal na kumsomea ripoti, mstari kwa mstari, saa kwa saa. Alimaliza saa nane kasoro dakika nne. Upande wa pili ilisikika kalamu.

"Pale juu umemwandikaje?" kapteni aliuliza. "Kwenye ile nafasi ya mtuhumiwa au marehemu."

"Melquiades Pumayalli, aliyeuawa akilinda mali ya kijiji chake."

"Nafasi ile inahitaji neno moja."

"Basi ongeza nafasi, Kapteni."

Jumatatu walimzika Melquiades kando ya baba yake, na Nicanor alikuwa mmoja wa wanne waliobeba jeneza. Leseni ya Wayrapunku haikufutwa. Ziara fupi inaanza saa tatu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na kiongozi wake ni Asunta.